Meza Iliyobeba Paa

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kapiga simu. Anakuja Jumamosi kukagua. Akikuta jiko bado lile la masizi, ananihamishia kwake. Kasema kwa upole, na huyu akiwa mpole ndipo hatanii. Sihami. Nimeishi humu miaka thelathini na minane. Dawa ni kuvunja ukuta kati ya jiko na chumba cha kulia. Marehemu mke wangu aliniomba hilo tangu mwaka wa kwanza. Alisema amechoka kuongea na matofali. Kila mara nilimjibu Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi
Jirani, fundi mwashi, kachungulia dirishani. Kasema mzee, ukuta huo umebeba boriti, boriti imebeba paa, sasa wewe utabeba nini? Nikamwambia natundika picha. Akauliza picha ya nani inayotundikwa kwa nyundo ya kilo tano. Wivu tu. Nimeamua kugonga pale anapokata vigae kwake. Akipumzika, napumzika.

Alhamisi, 6 Machi
Ukuta chini. Vumbi lilipotulia nimekaa kitini kwangu nikaona hadi pale mke wangu alipokuwa akisimama kupika. Hatua nne. Na mimi nilikuwa napiga kelele kuomba chumvi.
Kisha paa likalia kwaa. Boriti imeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nimesimamisha meza ya kulia wima chini yake. Imeingia sawasawa, utadhani ilizaliwa nguzo.

Jumamosi, 8 Machi
Binti kafika. Nimemweleza kwamba meza ya kusimama ndiyo mtindo wa sasa. Akauliza wenye mtindo huo wanakulia wapi. Nikasema huku na huku. Jirani akatoa shikamoo akiwa uani. Kasema humo haingii mtu mwenye watoto. Binti akacheka mpaka akakaa juu ya kifusi, kisha akafuta macho, akasema mama angeupenda mwanga huu. Nikajua nimeshinda. Akasema, baba, vaa viatu. Jirani atalijenga jiko upya kwa miezi mitatu.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala kwa binti. Kitanda laini, mkwe ana adabu, chai inakuja bila kuitwa. Ila jikoni kwao kuna ukuta usio na kazi yoyote. Nimeugonga kwa kidole: mwepesi kabisa. Watashangaa wenyewe. Kesho wote wawili wako kazini hadi jioni, na nyundo nilikuja nayo.