Ndoana Nne Mbele ya Wakwe

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Leo nimeanza rasmi. Mpango una sehemu mbili. Sehemu ya samaki, ambayo watu wote wataiona. Sehemu ya Rosemery, ambayo itabaki humu daftarini.

Hali ilivyo: mke wangu Rosemery yuko kwao, ng'ambo ya mto, juu kidogo ya kivuko. Aliondoka mvua zilipokatika. Chanzo ni chandarua. Nilikitoa kitandani kwa muda tu, nikakitandaza juu ya bwawa langu la vifaranga vya perege, maana ndege walikuwa wanawamaliza. Rosemery alisema hakuolewa aje kuliwa na mbu kwa niaba ya perege. Akafunga khanga zake. Perege nao wakafa.

Mdogo wake, shemeji yangu Gasper, ni mvuvi, mtu wa maneno mafupi. Amesema njia ni moja. Nivuke na mjomba wangu, nikae kwenye mkeka wa baba yao, niseme nimekosa na namhitaji mke wangu. Nikamjibu nitalifikiria.

Nimelifikiria. Haiwezekani. Mimi ni karani wa ghala la mpunga, nimemaliza kidato cha nne. Siwezi kukaa mkekani na kusema "namhitaji" mbele ya mjomba, kama mtu aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani.

Lakini nataka anione. Nataka nimwone. Nipite tu na shughuli zangu, yeye anachota maji, ainue macho.

Tatizo: wavuvi wa hapa hutega nyavu na kwenda zao, au hukaa mahali pamoja na mshipi kama wameshonwa pale. Anayepita na kurudi mbele ya bandari ya wakwe zake, pale wanapochotea maji na kufulia, bila sababu ataitwa mwizi.

Ninahitaji sababu ya kupita na kurudi.


Jumanne, 3 Agosti

Sababu imepatikana. Usiku kucha mbu, basi nikapata muda wa kukumbuka.

Mwaka juzi walikuja Wazungu wawili kuvua samaki mwenye meno, yule anayeruka juu kama amechomwa. Nilikuwa mkalimani wao. Hawakutulia mahali. Waliburuta mishipi nyuma ya boti, polepole. Ubavuni mwa boti kulikuwa na mkono wa chuma, waya, na tufe zito mwishoni mwa waya. Tufe linazama. Mishipi inabanwa kwenye huo waya, mmoja chini, mwingine juu yake, mwingine juu zaidi, kila mmoja na kina chake. Samaki akivuta, kibanio kinaachia, mshipi unabaki huru mkononi mwa mvuvi. Uzito mmoja, mishipi mingi.

Na siri yake, walisema, ni kwenda na kurudi. Kwenda na kurudi. Pole pole.

Wakati ule niliona ni ufundi. Leo naona ni rehema.

Vifaa: ringi ya baiskeli ya kukunjia kamba, na pedali yake iwe mpini. Mti wa mninga uwe mkono. Jiwe la mizani kutoka ghalani liwe tufe. Vibanio vya nguo, ambavyo havijabana kitu tangu aondoke. Waya wa breki mbele ya kila ndoana, kwa ajili ya yale meno. Chambo cha kung'aa: vijiko vinne vya Rosemery, nikakata mipini. Viko vinne, na sisi tulikuwa wawili. Sikumbuki tulikuwa tunamngoja nani kwa hivyo viwili vingine. Nakumbuka vizuri.


Alhamisi, 5 Agosti

Majaribio mto Lumemo. Maji ya Agosti, magotini. Jiwe lilifika chini kabla sijaliachia. Nilivua gunia.

Bosi ameuliza lilipo jiwe la mizani. Nikasema limekwenda kutengenezwa. Akasema jiwe haliharibiki. Nikasema ndiyo maana linachukua muda.

Jioni nimefunga na kufungua vibanio hadi vidole vikauma. Nyumba ni kubwa. Sikuwahi kugundua, maana Rosemery anapopika huongea na sufuria, anaigombeza kabisa, na sauti ile ilikuwa inajaza hadi chumbani.


Jumamosi, 7 Agosti

Mto mkubwa sasa, ule wa kivuko, na mtumbwi wa Gasper. Amekubali kupiga kasia kwa sharti kwamba akiulizwa, hanijui.

Somo la kwanza: tulipogeuza mtumbwi, mishipi minne ilisukana kama nywele za bibi harusi. Nikakaa, nikafikiri, nikapata jibu. Mshipi wa chini kabisa uwe mfupi nyuma, unaofuata mrefu kidogo, wa juu kabisa mrefu kuliko yote. Hapo haigusani. Tuligeuza tena, ikapita safi. Hata Gasper alinyamaza. Aliponyamaza nilijua nimefanikiwa.

Somo la pili sikulitarajia. Tulipokaribia bandari ya wakwe, moyo wangu ulikuwa unagonga mtumbwi. Nikainua macho. Mama mkwe. Amekaa juu ya jiwe la kufulia, miguu ndani ya maji, mbele yake nguo moja.

Mkwe hatazamwi. Hayo nililelewa nayo. Nikageuka nikampa mgongo, tukapita. Tukarudi. Bado yupo, na nguo ileile. Mgongo tena. Tumepita asubuhi nzima. Gasper akasema shemeji, ndoana ziko nyuma, mke yuko kulia, na wewe unamtazama kiboko.

Kweli kulikuwa na kiboko.


Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane. Watu kwenye maonyesho. Mimi mtoni.

Nimemwona. Alikuja na ndoo, khanga ya njano ile ya pembe iliyoungua na pasi. Alisimama majini, akaisukuma ndoo kwa goti kama anavyofanya siku zote, akaangalia upande wetu akiwa amekinga jua kwa mkono. Nilimwona kwa muda wa mapigo matatu ya kasia hivi. Kisha mama mkwe akatokea nyuma yake na nguo yake. Nikageuka.

Amekonda mabegani. Au ni mbali.

Mambo mengine si mazuri. Kuna mchungaji wa ng'ombe, Msukuma, jina lake Mashimba. Hunyweshea ng'ombe wake jirani na bandari hiyo, na kila siku huwapelekea wakwe zangu kibuyu cha maziwa. Maziwa. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina ng'ombe. Leo alisimama ukingoni, akatutazama tukienda na kurudi, akaniuliza kwa sauti ya kuvuka mto: je, ndugu yangu, unavua au unalima mto? Kama unalima, alisema, ana ng'ombe wa kukokota jembe.

Kila aliyekuwepo alicheka. Niligeuza masikio nisikie kama Rosemery alicheka pia. Gasper anasema alicheka. Nimefurahi na nimeumia, na sijui lipi lilitangulia.

Gasper anasema Mashimba ana wake wawili na hana haja ya wa tatu. Nimeandika hoja yake. Sijaridhika.


Jumatano, 11 Agosti

Samaki.

Kibanio cha pili kutoka chini kiliachia kwa mlio, mshipi ukakaza, na yule mwenye meno akaruka juu hewani, mrefu kama mkono wangu, kijiko kinang'aa mdomoni. Mbele kabisa ya bandari. Nikasimama kwenye mtumbwi, jambo ambalo Gasper amenikataza. Samaki akatikisa kichwa, waya wa breki ukakatika, akaenda zake na kijiko. Mimi nikaenda majini.

Jioni Gasper kaleta habari. Rosemery alikuwa juu ya ukingo, ameona yote. Alikitambua kijiko chake hata samaki akiwa hewani. Halafu akauliza swali moja. Aliuliza kama huwa nakula usiku, au nalala na chai.

Nimesoma swali hilo mara nyingi kuliko barua yoyote, na halikuandikwa. Ninalala na chai. Sikumwambia Gasper amwambie.

Gasper akarudia wimbo wake wa mkeka na mjomba. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri, tumebakiza kurekebisha uzito tu.


Jumamosi, 14 Agosti

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Mgongo.

Nilichukua jiwe kubwa zaidi la mizani, ili mishipi ikae wima hata mtumbwi ukienda polepole zaidi. Nilitaka polepole zaidi. Tulipofika mbele ya bandari, mtumbwi ukasimama. Gasper akapiga kasia, haukwenda. Nikafikiri ni kisiki. Nikazungusha pedali kwa nguvu zote. Ukaja wavu. Wavu mzima, na kambale ndani yake, na samaki kitoga mmoja, na maboya ya kandambili zilizokatwa. Wavu wa baba mkwe, Mzee Kasmiri, alioutega alfajiri.

Jiwe langu lilikuwa limeushona na mishipi yote. Kila nilipofungua kibanio, matundu mengine yalinasa. Kamba ikazunguka kiuno changu, sijui lini. Nikawa nimenaswa mimi. Na mama mkwe alikuwa juu ya jiwe lake, basi nikafungwa nikiwa nimempa mgongo, kwa heshima.

Mzee Kasmiri akashuka ukingoni. Nikamwamkia bila kugeuka, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, akasema amevua miaka mingi mto huu na hajawahi kukuta mkwe wavuni. Mashimba naye alikuwepo na ng'ombe wake. Yeye na Gasper wakauvuta mtumbwi hadi kwenye maji mafupi.

Kisha jambo la ajabu. Mama mkwe akaokota nguo yake akapanda zake juu. Mzee akakumbuka kitu nyumbani. Mashimba akaswaga ng'ombe, na walikuwa hawajamaliza kunywa. Gasper akasema anakwenda kukojoa, akaenda mbali kuliko anavyokwenda mtu kukojoa.

Rosemery akaingia majini na kisu. Maji yalimfika kiunoni. Akashika ukingo wa mtumbwi, akaanza kunifungua, uzi mmoja mmoja, hakukata hata tundu moja la wavu wa baba yake. Kichwa chake kilikuwa karibu na mkono wangu. Alinukia moshi na mafuta ya nazi. Miezi yote hii nilikuwa nimesahau moshi.

Akasema, bila kuinua macho: Anselim, umefuata nini huku?

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, kooni, zima. Nikamwambia nafanya majaribio. Nikamweleza kwamba mshipi wa chini uwe mfupi na wa juu mrefu, ili isigusane wakati wa kugeuza. Nilieleza vizuri. Hata nilimwonyesha kwa vidole.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, basi? Nikasema basi. Akasema sawa.

Akavitoa vibanio wavuni, akaniwekea kiganjani kimoja baada ya kingine. Cha mwisho alikishikilia kidogo. Mkono wake ulikuwa na baridi ya maji. Kisha akapanda juu na hakugeuka.


Jumapili, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Sikwenda misa, mgongo bado.

Gasper kavuka kuja kunitazama. Kakaa kizingitini, hakutania. Hilo lilinitisha. Akaniambia mambo ambayo nayaandika kwa utaratibu, ingawa hayakuja kwa utaratibu.

Mama mkwe hakukaa pale kunizuia. Alikaa kila siku akinisubiri nishuke mtumbwini, nisimame mbali, niinamishe kichwa na kumsalimu kama wakwe wanavyosalimiwa, ili yeye apate kuondoka na kuniachia nafasi. Alichoka kufua nguo ileile. Akawaambia wenzake mkwe wake ana mgongo mzuri, ila uso wake ameanza kuusahau.

Rosemery alikuwa amefunga mzigo wake tangu Ijumaa. Ulikuwa nyuma ya mlango. Alisema nikitamka neno moja tu la kumtaka, hata likiwa na makosa, ataingia mtumbwini na nguo zikiwa zimelowa. Jana aliporudi kutoka mtoni aliufungua mzigo, akatundika khanga zake.

Nikamwuliza Gasper kama maelezo ya mishipi hakuyaelewa. Gasper akasema aliyaelewa sana, ameyarudia kwa mama yake neno kwa neno, na mama yake akalia.

Na Jumanne anapanda treni kwenda Uchindile, milimani, kwa shangazi yake Ester, kupukuchua mahindi. Hajasema atarudi lini. Gasper akasimama, akasema shemeji, leo ipo na kesho ipo, mtumbwi uko pale, mjomba wako ni mzima, twende sasa hivi. Alininyoshea mkono kabisa. Nikamwambia nitalifikiria.

Akashusha mkono, akaenda zake. Nimesikiliza hatua zake hadi barabarani. Halafu nikasikiliza nyumba.

Nimelifikiria. Kosa lilikuwa la mto. Mto una nyavu za watu, una kiboko, una mahali pamoja tu pa kuteremkia. Uchindile hakuna mto wa maana, lakini kuna miti ya mbao, imepandwa mistari na mistari, na nyumba ya shangazi Ester iko pembeni kabisa ya shamba. Miti hupimwa unene. Mtu anayepima miti huenda mstari mmoja, hurudi mstari wa pili, pole pole, anasimama kila baada ya hatua chache, na hakuna anayemwuliza anafuata nini.

Mama mkwe naye hatakuwepo. Nitaweza kutazama.

Kesho asubuhi natafuta utepe wa kupimia.