Mtihani wa Dagaa

Hivi wewe, umewahi kumwona mama aliyemfikisha mtoto wake wa mwisho darasa la kwanza, akabaki amesimama getini hajui mikono yake aiweke wapi? Nestory Chenge aliwaona kumi kwa mpigo, Jumatatu ya kwanza ya muhula, kwenye geti la shule moja ya msingi huko Kirumba, Mwanza. Mwingine angeona akina mama. Yeye aliona mikono ishirini isiyo na kazi.

Nestory alikuwa mtu wa koti. Koti la kahawia, viatu vya kung'aa, na simu mbili, moja nzima na moja ya kuonyesha watu. Jumamosi iliyopita alikuwa Mwaloni, kwenye soko la samaki, akamsikia mama Adoyo, mfanyabiashara wa dagaa, akilalamika kuwa wachambuaji wamemkimbia na magunia yanalundikana. Nestory akamwambia asihangaike, yeye anacho kikosi cha wanawake kumi, anawalipa mwenyewe. Mama Adoyo amkabidhi tu malipo yote Ijumaa. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno. Mama Adoyo hakuuliza zaidi. Bei nafuu huwa haiulizwi kwao ni wapi.

Kilichobaki kilikuwa kukipata hicho kikosi.

"Habari za asubuhi, mama zangu," Nestory akasema pale getini. "Nani anataka kurudi kazini? Kazi ya mchana. Ya kukaa kwenye kiti."

Hilo neno "kiti" ndilo lililowamaliza.

Aliwapeleka kwenye uwanja nyuma ya saluni moja, akawagawia fomu. Fomu ilikuwa na kazi tatu: karani wa ofisi, mapokezi hotelini, msimamizi wa stoo. Ilibidi uchague moja. Basi wanawake wale wakapima uzito wa maisha yao kama watu wanaochagua kitenge. Justa, aliyelea watoto wanne mfululizo, alitaka hoteli kwa sababu ya kiyoyozi. Rebeka alitaka ukarani, ila akaogopa kwamba makarani hunenepa. Ilimchukua nusu saa kuamua kwamba atanenepa.

"Na wewe mama?" Nestory akamuuliza wa mwisho.

Huyo alikuwa Paskazia. Kwa miaka mitano alikata minofu kwenye kiwanda cha samaki, zamu ya usiku, na mwanawe Odeta akilala kwa jirani. Sasa jirani amehamia Buzuruga. Kiwanda kilimpa mpaka Ijumaa aseme kama anarudi zamu yake au nafasi wampe mwingine. Akirudi, Odeta wa miaka sita atalala peke yake, amejifungia kwa komeo. Asiporudi, watakula nini?

"Yoyote tu," Paskazia akasema. "Mradi ya mchana."

Nestory akaandika: Yoyote. Wateja wa namna hiyo aliwapenda sana.

"Sasa, kazi zote hizi msingi wake ni umakini," akatangaza. "Na umakini tunaupima kwa vitendo." Akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na magunia manane ya dagaa. "Toa mchanga, toa konokono, toa furu, wale samaki wadogo wenye matumbo, toa waliovunjika. Mtihani umeanza."

Wakachambua mpaka saa sita, watoto walipokaribia kutoka shule. Nestory akapita akitikisa kichwa kwa huzuni ya mwalimu mkuu.

"Mmekosa alama mbili."

"Mbili tu?" Justa akalia.

"Mbili. Rudini kesho. Mwajiri anataka uvumilivu."

Jumanne wakakosa alama mbili. Jumatano, mbili zilezile. Rebeka akaanza kufunga na kuomba. Justa akawa anawaamsha watoto alfajiri apate kuwahi mtihani, na mumewe akaanza kumwita "mwanafunzi". Hakuna aliyeuliza kwa nini karani wa ofisi apimwe kwa furu. Mtu akishaitwa kwenye usaili, akili huiacha nyumbani pamoja na kandambili.

Ila Paskazia alikuwa na macho ya kiwandani. Aliona magunia yameshonwa kwa uzi wa kijani, na pale Mwaloni kila mfanyabiashara ana rangi yake. Jumatano mchana akamfuata mwenye uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unauza au unanunua?"

"Natafuta kazi ya kuchambua."

"Umechelewa. Ninaye Nestory na wanawake wake kumi. Namlipa keshokutwa."

Paskazia akautazama ule uzi wa kijani. Angeweza kupiga kelele palepale. Lakini kelele zingempa Nestory nafasi ya kukimbia, na alikuwa na deni la alama mbili alilotaka kumlipa kwanza.

"Basi mama, njoo kesho saa sita nyuma ya saluni. Umwone Nestory anavyofanya kazi."

Alhamisi asubuhi, kabla magunia hayajafunguliwa, aliingia mwanamke mwenye suti ya bluu na faili kwapani. Alikuwa Roza, wifi yake Paskazia, mwenyekiti wa kwaya, mtu ambaye hata "tafadhali" yake ilisikika kama amri.

"Wewe ndiye Nestory? Natoka kwa wafadhili. Tuna nafasi mia mbili za akina mama, kazi za mchana. Tunatafuta wakala mmoja wa Mwanza nzima. Atapewa gari."

Nestory akalifunga koti vifungo vyote. "Mheshimiwa, wakala umempata."

"Bado. Wakala lazima afaulu mtihani wa umakini. Nimesikia unautoa hapahapa."

Justa akakohoa.

"Mtihani ule… ule ni wa akina mama, mheshimiwa."

"Kwani haupimi umakini?"

Angesema nini? Akisema haupimi, kikosi chote kipo, kinasikiliza. Akisema unapima, magunia yale pale. Nestory akaliona gari. Akavua koti, akavua viatu, akakaa kwenye turubai.

Jua la Kirumba halijui koti la mtu. Kufika saa nne vidole vilikuwa vimechomwa na miba, shati limegeuka ramani ya visiwa. Akina mama walikaa kivulini miguu wameinyoosha, wakipokezana usimamizi.

"Mtahiniwa, hiyo furu."

"Hii ni dagaa, mama."

"Ina tumbo kama lako. Furu. Toa."

"Mtahiniwa, usile mtihani!"

Saa sita Roza akapita juu ya turubai, akainama, akaokota konokono mmoja mdogo sana, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Umekosa alama mbili."

"Mbili tu?" Nestory akaruka. "Mheshimiwa, nisamehe hizo mbili!"

"Rudi kesho. Mwajiri anataka uvumilivu."

Kicheko kikapasuka pale kivulini, na ndani ya kicheko hicho mama Adoyo akaingia. Akamtazama Nestory miguu mitupu, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Haya makubwa! Nestory, unachambua mwenyewe? Na hawa unaowalipa wanafanya nini?"

"Kulipwa?" Justa akauliza. "Mama, sisi tunafanya usaili. Siku ya nne leo."

Mama Adoyo akawatazama wote kumi, kisha magunia yake. Bei ile nafuu ikamwonyesha kwao ni wapi, na aibu kidogo ikampitia usoni.

"Naomba niende msalani," Nestory akasema kwa adabu.

Akaenda. Choo cha saluni kipo kushoto. Yeye akaenda kulia, akapotea kuelekea Mirongo bila koti wala viatu. Simu moja ilibaki kwenye koti. Rebeka alipoibonyeza, akakuta ni ile ya kuonyesha watu.

Mama Adoyo akawalipa papo hapo, kila mtu mkononi, siku zote, na Alhamisi waliyokaa kivulini wala hakuikata. Justa akapewa koti ampelekee mumewe.

"Sasa nimebaki na dagaa bila mtu," mama Adoyo akasema, akamgeukia Paskazia. "Wewe uliyenileta hapa. Unataka kazi gani?"

"Yoyote…" Paskazia akaanza, kisha akafunga mdomo. Mbali kidogo kengele ya shule ililia, watoto wakasikika wakitoka. Akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kwa kidole.

"Hapana. Nataka nafasi ya Nestory, mama. Niwasimamie hawa, mchana, na kila mtu alipwe mkononi. Saa sita nimfuate Odeta shuleni. Na usiku nataka kulala kwangu."