Filamu Yenye Namba Pembeni

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano wa Klabu ya Filamu Fupi, ukumbi wa juu wa maktaba. Wanachama ishirini na mmoja, mke wangu akiwemo. Viti ishirini. Nilisimama, kwa hiari. Anayesimama huonekana.

Daktari wa meno ametangaza kugombea nafasi ya Mchaguzi wa Filamu. Nafasi yangu. Nimeishika miaka sita. Kila Jumamosi mimi ndiye ninayeamua hawa watu watazame nini, na sasa mtu anayeshinda akichungulia vinywa anataka kutuchungulia roho. Nimempachika jina: Bwana Ganzi. Halijashika bado. Nimelitaja mara nne mbele ya katibu, na mara zote ameniuliza ni nani huyo.

Ubaya ni kwamba Ganzi ana jicho. Mwezi uliopita alituletea filamu ya dakika kumi na nne kuhusu akina mama wanaochora herufi nyuma ya malori. Watu walilia. Mimi nilileta ya saa nzima kuhusu mfumaji mikeka aliyeacha kufuma. Watu walitoka kunywa chai wakasahau kurudi. Nikawaambia wachache waliobaki kwamba sanaa si peremende. Katibu akasema hata vidonge hupewa maji ya kuvisukumia.

Uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe 22, baada ya maonyesho. Lazima nigundue kitu ambacho jicho lingine halijakiona.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua.

Nilikwenda kupiga picha ya pasipoti. Katika ile ya zamani nafanana na mtu aliyeshindwa hoja. Mpiga picha, mwanamke wa miaka thelathini hivi, akaniomba ninyanyue kidevu. Nikamwambia nimekinyanyua maisha yangu yote. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya mzee aliyekumbatia spika kubwa kuliko yeye.

Nikauliza. Akasema, kwa aibu, kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiwarekodi mafundi fulani wa nyuma ya karakana. Wanaunda spika kwa mbao za makabati mabovu, kisha wanashindana ya nani itatikisa vioo vya madirisha. Mkubwa wao huitwa Mzee Besi. Filamu anaitengeneza mwenyewe, kwa kompyuta iliyo nyuma ya pazia la studio.

Jamii nzima ya wabunifu, mita mia tatu kutoka maktaba, na Ganzi hana habari.

Nikaomba nakala. Alisita. Akaanza, "Mwalimu, hii bado..." Nikamkatiza. Nikamweleza kwa dakika ishirini na tano jinsi woga wa wasanii ulivyochelewesha maendeleo ya binadamu. Foleni ya watu wa pasipoti ilifika barabarani. Akanipa flashi. Nadhani nilimgusa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitazama mara tatu. Hii si filamu, ni ngumi.

Kwenye kona ya juu namba zinakimbia mwanzo hadi mwisho: saa, dakika, sekunde, vipande vya sekunde. Kifo, bila shaka. Mafundi wanapiga randa, kifo kinahesabu. Halafu, kila unapoanza kustarehe, skrini inakuwa nyeusi na maandishi meupe yanakukaba koo. MIKONO HAPA. Maneno mawili, mikono hakuna. Nikaitazama ya kwangu, nikajiuliza imefanya nini tangu niajiriwe. Baadaye: SAUTI MBAYA, TAFUTA NYINGINE. Nani leo ana ujasiri wa kuwaambia watawala hivyo?

Mke wangu alipita na nguo za kuanika. Akasimama dakika mbili. Akasema inaonekana haijaisha. Nikamjibu kwamba hakuna kazi kubwa iliyowahi kuisha. Akasema kumbe ile rafu ya jikoni niliyoianza mwaka jana ni kazi kubwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewaandikia wanachama waraka. Kurasa saba. Kichwa: "Weusi Unaotutazama". Nimeeleza namba, nimeeleza kifo, nimeeleza watawala. Ganzi nimemshambulia bila kumtaja, kwenye ukurasa wa pili, na kuanzia wa nne hadi mwisho. Nimesema wapo wanaopenda filamu iliyokamilika kama jino lililozibwa: laini, na halihisi kitu. Sentensi hiyo nimeisoma kwa sauti bafuni.

Nakala ya Ganzi nimempelekea mwenyewe kliniki, nione uso wake. Aliisoma yote huku mimi nimekaa kwenye kile kiti kinacholala. Akasema nina kalamu nzuri. Akasema pia kwamba hiyo filamu ana hamu nayo. Mtu mwenye adabu kiasi hicho anaficha jambo.

Jumatano, 19 Machi

Pigo.

Mpiga picha amenipigia simu. Katibu alimpa waraka. Akasema Mwalimu shikamoo, nashukuru sana, sijawahi kuandikiwa kurasa saba, ila ile ni nakala ya kazi. Namba za pembeni zinamsaidia kujua wapi akate. Maandishi kwenye weusi ni ya kujikumbusha picha ambazo alikuwa hajaziweka. Na sauti mbaya ni sauti mbaya tu. Siku ile jirani alikuwa anakata mabati. Filamu kamili ameimaliza jana. Ataileta Jumamosi, yeye na Mzee Besi na wenzake.

Nilikaa chini. Kurasa saba ziko mikononi mwa watu ishirini. Nikikiri, nafasi imekwenda.

Nikasimama tena. Tangu lini msanii akajua alichokifanya? Mvumbuzi ni mimi. Yeye alikuwepo tu.

Ijumaa, 21 Machi

Mpango. Ufunguo wa kabati la projekta ninao mimi. Nitafika mapema, nitachomeka flashi yangu, na akija na yake nitamwambia mashine haiikubali. Nimefanya mazoezi ya uso wa masikitiko mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kama tumbo linaniuma.

Jumamosi, 22 Machi

Ukumbi ulijaa. Mzee Besi na mafundi watano walikaa mstari wa mbele, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Mke wa Mzee Besi alikuwa pembeni yake, kilemba kikubwa. Walikuja na spika moja. Ilibebwa na watu wanne.

Mpiga picha alinipa flashi yake. Nikaonyesha uso wa masikitiko. Nikazima taa, nikaanzisha nakala yangu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha MIKONO HAPA. Mzee Besi akauliza kwa sauti mikono ya nani inatakiwa. Akanyoosha yake. Mafundi watano wakanyoosha yao. Ukumbi ukaangua kicheko. Ganzi naye akanyoosha, mnafiki.

Nikapaza sauti kwamba wanashuhudia kitu kizito, watulie. Wakatulia. Ndipo ukaja weusi wa dakika ya kumi na moja, ambao kwenye waraka wangu niliuita kilele cha kazi nzima: MZEE ANAPASUA KABATI LA MKEWE. Niliandika kwamba kabati ni mila.

Kumbe kabati ni kabati. Mama akageuka, kilemba kizima. Akamuuliza mumewe si alimwambia limeliwa na mchwa. Mzee Besi akapaza sauti kwamba walikuwepo mchwa. Mama akauliza hao mchwa wanatumia msumeno siku hizi? Mpiga picha akaninong'oneza, akikaribia kulia, kwamba kipande hicho alishakiondoa. Mzee alimwomba, naye alimwahidi.

Hapo nilihisi kitu kifuani. Kwa muda mfupi kilifanana na aibu.

Ganzi akainuka, akamwomba mama radhi kwa niaba ya klabu, kisha akaniuliza taratibu kama mashine inaweza kujaribiwa tena. Mke wangu akasema inaweza. Jana alinikuta mbele ya kioo nikiufanyia mazoezi ule uso. Nikatoa ufunguo.

Filamu kamili ni dakika kumi na nane. Mikono imo. Inapapasa mbao kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Mzee anasema alianza kuunda spika mwaka ambao mkewe aliugua masikio, ili naye asikie muziki. Wakati huo mafundi wakaunganisha ile spika yao, na mlio ukapita sakafuni ukatupanda miguuni. Vioo vya maktaba vilitetemeka. Mama akavua kiatu, akaweka unyayo sakafuni. Alitikisa kichwa kwa kuufuata mdundo, akamwambia mumewe kwamba wakifika nyumbani bado watazungumza.

Nilikuwa na vumbi machoni. Nikasimama nikasema dakika kumi. Nikamwambia mpiga picha kwamba ameiua. Namba ziko wapi? Weusi uko wapi? Amechukua ngumi akaifanya mkono wa kupeana salamu. Akanijibu, "Mwalimu, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Kura: Ganzi kumi na tisa, mimi mbili. Ya pili ni ya mke wangu. Nilimshika mkono, nikamshukuru kwa imani yake. Akasema si imani. Ameona tu nikishindwa nitashinda nyumbani kila Jumamosi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanzisha klabu yangu. Mwanachama mmoja. Migogoro hakuna.

Na nimeshagundua. Leo nilipita jengo la ofisi mkabala na maktaba. Mlinzi alikuwa kibandani mwake, anatazama filamu. Nikachungulia dirishani. Nikabaki pale dakika arobaini.

Ngazi. Ngazi tupu, kutoka juu, bila rangi, bila sauti, bila kukata hata mara moja. Mtu anapanda na boksi. Anapumzika. Anapanda. Muda mrefu hakuna kitu. Anapita paka. Jamii ya wapandao ngazi, ambayo hakuna mwongozaji aliyewahi kuitupia jicho, na huyu ameitazama bila kupepesa. Hakuna hata jina la mtunzi.

Mlinzi akataka kunieleza ni nini. Nikamzuia, sipendi kusimuliwa. Nikauliza kama zipo nyingine. Akasema zipo, kila siku inatoka moja. Kila siku! Na Ganzi hajui.

Nikamuuliza nani anazitengeneza. Akanitazama sana, kisha akanyoosha kidole juu, darini, penye kijitaa chekundu.

Kumbe mlinzi ni mcha Mungu pia.