Kimya kwa Mujibu wa Waraka

Fundi cherehani wa mlango wa pili anaapa, mkono mmoja kwenye gurudumu la mashine yake na mwingine juu mbinguni, kwamba watoto wasioona walimteka Mkurugenzi, wakamfunga macho kwa nguvu, wakamtambaza sakafuni kama mtoto anayeota meno, na wakubwa wote wakakaa pembeni wanatazama.

"Nimeshuhudia kwa macho yangu haya mawili," anasema, ingawa siku hiyo alikuwa kwake anapunguza suruali ya mtu.

Hayo ni maneno ya fundi cherehani. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetekwa. Mkurugenzi alifungwa macho kwa hiari yake, kwa leso yake mwenyewe, na yote yaliyofuata yalifuata waraka. Anayebisha amuulize Itifaki, maana waraka huo aliuandika yeye.

Itifaki ni jina alilopewa mtaani afisa itifaki wa Idara ya Michezo na Burudani kwa Watoto Wenye Ulemavu. Ni mtu wa heshima zake, shati linapigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, na hata akienda kula kwa dada yake husimama mlangoni kusubiri akaribishwe kwa cheo. Dada yake hamkaribishi kwa cheo. Humwambia, "Ingia bwana, chakula kinapoa."

Huyo dada ana binti asiyeona tangu kuzaliwa. Wenzake wanamwita Rada, kwa sababu mpira hata upite kwa kunyata, yeye anao.

Sasa, mambo yalianza kwa tangazo kubwa. Gari la matangazo lilizunguka mtaa mzima, watu wakaacha sufuria jikoni wakatoka nje kusikiliza. Idara ilikuwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba enzi mpya imewadia, na kwamba imeundwa Kamati Kuu ya Kuhamasisha, Kuratibu na Kuendeleza Michezo ya Watoto Wenye Ulemavu, chini ya uenyekiti wa Mkurugenzi mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Chakula cha mama mmoja kikaungua, lakini alisema haidhuru, enzi mpya haiji kila siku.

Kamati haiwezi kuhamasisha ikiwa imesimama wima. Inahitaji pa kukaa. Wataalamu wakatumwa, wakapima, wakabaini kuwa jengo pekee lenye mlango mpana, sakafu laini, mteremko wa viti vya magurudumu na choo anachoweza kukifikia kila mtu ni ule ukumbi ambamo watoto hao hucheza kila Jumamosi. Kwa hiyo watoto watoke, Kamati iingie, ianze kuwashughulikia.

"Ni jambo lililo wazi kabisa," Itifaki alimweleza dada yake, akikunja mikono ya shati ili ale.

"Wazi kama nini?" dada yake akauliza.

"Mjomba," Rada akasema. Alikuwa ameketi chini anajipaka mafuta kwenye goti lililochubuka. "Sisi tutachezea wapi?"

"Suala lenu liko kwenye mchakato."

"Mchakato una paa?"

Mama yake akaficha kicheko kwenye mwiko. "Na sakafu je? Maana huyu anajitupa ubavu mzima. Asije akavunjika mbavu huko kwenye mchakato wenu."

"Dada, usifanye mzaha na istilahi."

"Tulishaomba, Mjomba," Rada akaendelea. "Kocha ameandika barua mpaka amechoka. Hatujibiwi."

Itifaki akanawa mikono, kwani hapo palihitaji maelezo ya kitaalamu. "Kutojibiwa si kunyimwa, mwanangu. Ombi likifika Idarani, lisipojibiwa, maana yake linafanyiwa kazi. Likijibiwa ndiyo basi tena."

"Kwa hiyo tukijibiwa, tumekwisha."

"Sasa umeanza kuielewa ofisi."

Rada akafunika kopo la mafuta, akalikaza sana kifuniko. Itifaki aliona namna alivyolikaza, akaisukuma sahani ya wali kando. Alilaumu mchuzi.

Idara si watu wabaya. Iliamua watoto wapewe mechi ya kuuaga ukumbi, siku ya makabidhiano, kwa picha na hotuba. Mchezo wenyewe ni mpira wa kengele. Mpira una njuga ndani, unaviringishwa kwa nguvu, na upande wa pili wachezaji watatu wanausikiliza unavyokuja, wanajitupa kuuziba usiingie golini. Mistari imetengenezwa kwa kamba iliyobandikwa sakafuni, ili mtu aipapase ajue yuko wapi. Wote hufungwa macho, maana wapo wanaoona kidogo na wapo wasioona kabisa, na kitambaa ndicho kinachowaweka sawa. Ukigusa kitambaa chako bila ruhusa ni penalti. Na ukumbi lazima unyamaze, kwa kuwa mpira usiosikika haupo.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo shughuli ilipokwama. Siku ya mazoezi, Kocha, mwanamke aliyelinda goli miaka mingi mpaka goti likamkataa, alipuliza filimbi akasema, "Kimya!"

Mkurugenzi, aliyekuwa akiongea na simu, aliishusha taratibu kama mtu aliyeonja chumvi akidhani sukari.

"Kaambiwa nani?"

"Sote, mzee. Ndio mchezo wenyewe."

"Mama, katika Idara hii kimya nakitoa mimi. Siletewi."

Itifaki hakulala. Asubuhi waraka ulikuwa umebandikwa mlangoni, na mpaka leo anausoma kwa kujivunia. Kwamba kimya kitaanzishwa na Mkurugenzi kwa neno lake, na kitahitimishwa na Mkurugenzi kwa kuinua leso yake nyeupe na kuipunga juu ya kichwa. Kwamba kabla leso haijapungwa, hakuna mtumishi, mgeni wala mchezaji atakayetoa neno, kikohozi au mwongozo. Kwamba mchezo utahesabika umekwisha leso itakapopungwa. Na kwamba samani za Kamati zitaingia ukumbini mchezo ukishakwisha, si kabla, ili zisiharibiwe na mpira.

"Leso nyeupe," Kocha akasema, akiusoma mara ya pili. "Wanangu wataionaje?"

"Nitaiona mimi kwa niaba yao."

"Haya baba. Waraka wenu."

Siku ikafika. Nje lori la meza na makabati liliegeshwa, wapagazi wamelala juu ya viti vya Kamati. Ndani Mkurugenzi alihutubia, akawashukuru watoto kwa kujitolea kwa moyo mmoja kuondoka. Hakuna mtoto aliyekumbuka kujitolea, lakini hotuba haikuwa na sehemu ya maswali. Hapo mpiga picha akamnong'oneza kuwa picha itapendeza zaidi bosi akiwa ndani ya mchezo.

Mkurugenzi akavua koti. Wajumbe wawili wa Kamati wakavua koti pia, kwa kuwa bosi amevua. Kocha akatafuta vitambaa vya akiba, akapata viwili tu. Wajumbe wakavifunga haraka, kila mmoja akidhani anaonyesha moyo.

Mkurugenzi akabaki macho wazi mbele ya kamera. Jambo la aibu. Na kazi ya Itifaki, kazi aliyoiapia, ni kuhakikisha bosi hapungukiwi kitu mbele za watu. Mkono ukamtangulia akili. Akaichomoa leso nyeupe kwenye mfuko wa shati la Mkurugenzi, akaikunja vizuri, akamfunga nayo. Fundo likakaa safi, la kiofisi.

"Natangaza hadharani," Mkurugenzi akasema kwa sauti, akiwa ameelekea ukutani, "atakayegusa kitambaa chake ni mdanganyifu, na mdanganyifu hana nafasi katika Idara hii. Hata angekuwa mimi! Sasa, kimya kianze."

Kimya kikaanza.

Rada alitupa mpira wa kwanza. Njuga zikapita katikati ya wajumbe wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake kwa adabu. Wa pili ulimpata Mkurugenzi kwenye ugoko. Wa tatu aliusubiri kishujaa, ameinama, mikono imetanuka, upande ambao mpira haukutokea. Kocha alihesabu magoli kwa vidole, kisha vidole vikamwishia akaacha. Watoto walikuwa wanacheza kama walivyocheza siku zote, wanagonga sakafu mara moja kuambiana walipo, wanalala, wanainuka. Mjumbe mmoja alitambaa mpaka akakutana na ukuta, akauegemea, akakataa kuachana nao. Wa pili akamfuata kwa sauti ya pumzi.

Mkurugenzi akabaki peke yake, magotini, anafuata kamba ya sakafuni kuelekea kusikojulikana. Jasho lilikuwa limeivuruga pasi ya shati. Akasimama, akatabasamu upande aliodhani una kamera, akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati ili aipunge leso.

Akapapasa. Akapapasa mfuko wa suruali wa kulia. Akapapasa wa kushoto.

Itifaki alielewa muda ule ule, akaitazama leso machoni pa bosi.

"Itifaki," Mkurugenzi akaita kwa upole. "Leso yangu iko wapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Itifaki. Alifungua mdomo. Kisha akaukumbuka waraka: neno, kikohozi au mwongozo. Akaufunga.

"Basi tumalize. Mchezo umekwisha, eti? Nani wa kusema umekwisha?"

Hakuna aliyesema. Dereva wa lori akachungulia mlangoni, kaloa, akaonyesha kwa mkono kwamba nje manyunyu yameanza na meza za Kamati hazina turubai. Itifaki akamwelekeza kwa kidole kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Dereva akasoma kwa midomo, akafika kwenye samani, akarudi nje taratibu akavuta mlango.

"Naomba kuvua," Mkurugenzi akasema. Mkono wake ukapanda mpaka karibu na fundo, ukasikia kamera inabofya, ukashuka. "Natoa ombi rasmi. Itifaki? Ninaweza kuvua?"

Ng'ambo ya pili Rada alikuwa amepiga goti, mpira ameukumbatia kifuani njuga zisilie, kichwa kimeinama kidogo kuelekea ile sauti. Alikuwa anasubiri kwa heshima zote mgeni amalize shida yake. Itifaki alilitazama goti lake lililochubuka, chini yake sakafu laini, isiyo na meza hata moja. Mchezo ungekwisha, meza zingeingia. Mchezo usipokwisha, haziingii. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake na hakuwahi kuyasoma namna hiyo.

Akafunga kifungo cha koti. Akasimama wima.

Fundi cherehani anasema pale ndipo Itifaki alipoasi kazi. Si kweli. Hakuna afisa aliyewahi kufuata utaratibu kama alivyoufuata yeye siku ile. Ombi lilipokelewa. Ombi lilisikika vizuri, neno kwa neno. Ombi likaingia kwenye mchakato.

Rada akasubiri kidogo tena, kisha akauachia mpira. Njuga zikaanza kuja.

"Ndugu yangu," Mkurugenzi akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "basi angalau niambie unatokea upande gani."