Naomba Sura Yangu Iondolewe Kwenye Stika

Kwa Dada Mkubwa,
Mmiliki na Msimamizi wa Ukurasa wa "Hongera Baba".

YAH: MATUMIZI YA SURA YANGU BILA RIDHAA

Dada, shikamoo.

Nakuandikia rasmi, tena kwa karatasi, kwa sababu huko mtandaoni kila nikijitetea wanawake nisiowajua wananijibu kwa uso wangu mwenyewe.

Utakumbuka niliweka kwenye kundi la familia picha yangu nikiwa kliniki, kitindamimba wangu mgongoni, natabasamu na kuinua dole gumba. Nilipongezwa mno. Mama alilia. Baba mdogo aliandika kwamba wanaume wa aina yangu wamekwisha. Wewe, dada niliyenyonya naye ziwa moja, ukakikata kichwa changu pamoja na hilo dole, ukavigeuza kuwa stika, kisha ukafungua ukurasa ambako wanawake huandika mambo kama "Leo nimewaogesha watoto wangu mwenyewe, bila kuombwa na mtu," halafu wanapongezana kwa sura yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sina pa kupita. Juzi nilikwenda kupimwa suruali. Fundi cherehani akanitazama, akatazama simu yake, akaniinulia dole gumba. Wenzake wote walicheka mpaka mashine zikasimama. Suruali imetoka fupi na sijathubutu kuirudisha.

2. Umebandika swali juu kabisa ya ukurasa: "Aliyepiga picha ni nani?" Huo ni uchokozi, dada. Unajua fika kwamba aliyepiga ni wifi yako, akiwa amebeba mkoba wa nepi, mwavuli na kadi ya kliniki kwa mkono mmoja. Alichuchumaa ili mwanga unikae vizuri. Nilimshukuru. Nadhani nilimshukuru.

3. Ulimshawishi wifi yako naye aweke picha kama yangu: benchi lilelile, mtoto yuleyule, dole lilelile. Nakubali mambo hayakwenda vizuri. Baba mdogo aliuliza kwa nini mtoto hana soksi. Mama aliuliza mimi nimeachiwa nini cha kula. Ni kweli kwamba hata kwenye picha yangu mtoto hakuwa na soksi, ila mimi nahusikaje na macho ya watu? Mimi nilikaa kimya kabisa, kama kawaida ya mtu mpenda amani.

4. Sasa hili la kazini, ambalo ndilo kubwa. Unajua mimi na wifi yako tunafanya kazi kiwanda kimoja cha uchapaji, na wote wawili tuliomba nafasi ya msimamizi wa zamu. Kwenye usaili yeye aliulizwa, "Watoto utamwachia nani?" Mimi niliulizwa nakionaje kiwanda miaka ijayo, nikakieleza vizuri sana. Meneja alikuwa ameiona picha yangu. Akasema mtu anayejali familia namna hii hata wafanyakazi atawajali. Wifi yako aliambiwa alee kwanza. Watoto ni walewale, dada, hatuna wengine.

Naanza Jumatatu. Nilipompa habari, wifi yako alinipa mkono, akaingia jikoni, akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu bila chombo chini yake. Na wewe ukaichukua habari hiyo ukaiweka ukurasani bila majina: "Mwenye watoto amenyimwa kazi kwa sababu ana watoto. Kapewa baba yao, kwa sababu ana watoto." Chini yake, mimi na dole langu. Hili limeniuma. Limeniuma kwa sababu nililisoma haraka haraka kabla ya kujua ni sisi, na nikacheka.

5. Kwa hayo yote nadai: stika ifutwe, utoe tamko kwamba kila nilichonacho nimekipata kwa jasho langu bila kubebwa na mtu, ukurasa uitwe "Hongera Mama" na mimi niteuliwe kuwa mlezi wake, na itengwe siku moja kila mwaka ya kuwafariji wanaume walioumizwa na utani. Nitaiongoza kamati mwenyewe. Mapambo, viti na chakula mtaandaa ninyi.

Nisalimie shemeji. Nasikia siku hizi anapika. Mwambie apike tu, asije akapiga picha. Wapwa zangu wote wasalimie, na mama mkiongea mwambie nimekula.

Ni mimi mdogo wako niliyedhalilika,
Maarufu kwa jina la Bwana Dole (jina nililopewa huko huko kwako).

N.B. Kabla ya kuituma barua nilimpa wifi yako aipitie, kama ninavyompa kila kitu ninachoandika. Aliisoma amesimama, mtoto begani. Alicheka alipofika kwenye suruali. Kwenye namba nne hakucheka. Akanirudishia, akauliza, "Muda wote huo ulipokuwa umejifungia chumbani unaandika, watoto walikuwa na nani?"

Nimekaa na swali hilo, dada. Ndilo alilopewa kwenye usaili, na mimi sijawahi kuulizwa na mtu tangu nizaliwe. Kwa hiyo stika iache. Tamko usitoe. Kesho nakwenda kwa meneja kumwomba usaili urudiwe, na safari hii aanze kwa kuniuliza mimi watoto namwachia nani. Jibu la kweli ninalo moja tu, wifi yako, na nikilitaja atajua nani husimamia zamu zote za nyumbani, na wa kumpa ile ya kiwandani.