Hoteli Haiendi Bila Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeletewa mtaalamu ukumbini, atufundishe namna ya kujijenga katika kazi ya hoteli hadi uzeeni. Suti safi, viatu vinameta. Wengi walisinzia. Mimi pia. Ila neno moja likaniamsha: anayetaka kupanda ngazi, alisema, awe mtu ambaye kazi haiendi bila yeye.

Nikakaa wima. Miaka yote hii niko nyuma ya kaunta ya mapokezi nasema karibu sana, na nikidondoka leo wataweka mwingine kabla sijapoa. Nafasi ya msimamizi wa mapokezi iko wazi. Mwenzangu wa zamu anaitaka. Tunamwita Tabasamu, maana hata akiumwa jino anacheka. Simhofii. Yeye ana meno, mimi nina akili.

Jumatano, 5 Machi

Mungu si Athumani. Mtambo wa maji ya moto uligoma asubuhi, wageni wakashuka mapokezi na taulo viunoni. Fundi wetu alishaacha kazi, mwingine hajaajiriwa. Nikateremka chumba cha mitambo. Nikahangaika, nikaupiga teke kwa hasira, nikaumia kidole. Nilipoinama kukishika kidole ndipo nikaiona koki ndogo kwa nyuma, imejibanza ukutani. Ukiifungua nusu kabla ya kuwasha, mtambo unanguruma vizuri tu.

Meneja wetu ni mama asiyependa maneno mengi. Aliuliza nimefanyaje. Nikasema ni uzoefu, mama, hauelezeki. Akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza. Tabasamu naye akaomba nimwonyeshe. Nikamwambia ataungua.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja ameagiza niwe nafika alfajiri kuwasha mtambo, kisha niendelee na zamu yangu. Kila siku, kwa kuwa ndimi pekee ninayeujua. Mpango unakwenda sawasawa. Macho yanawasha.

Mke wangu kauliza kama kuna cheo chochote ndani yake. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema zetu zinaozea mtini.

Jumamosi, 8 Machi

Likizo yangu ilikuwa ianze leo. Twende kwa mama mkwe, mimi, mke na watoto, safari niliyoiahirisha hadi nikaona haya kuitaja. Meneja akaniita ofisini. Akasema, taratibu kabisa, kwamba nikiondoka wageni wataoga maji ya baridi, hivyo likizo isubiri. Nilitoka nimefura kwa fahari kama andazi. Hoteli nzima inanitegemea.

Nyumbani watoto walikuwa wameshavaa viatu. Mke wangu alinisikiliza huku akifunga zipu ya begi.

"Sawa," akasema. "Mama nitamwambia umeoa mke wa pili, wa chuma."

Wameondoka. Nimekula kiporo nikiwa nimesimama. Sijui kwa nini sikukaa, viti vyote vilikuwa vitupu.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya upole inayotisha.

"Mwanangu," akauliza, "huko kwenu maji hayachemki kwenye sufuria?"

Nikamuuliza hali ya miguu yake. Akasema miguu haijambo, inasubiri wageni.

Jumanne, 11 Machi

Tabasamu ndiye msimamizi.

Nimeandika hapo juu, nikaenda kunywa maji, nimerudi, bado ndiye. Nilikwenda kwa meneja, nikamuuliza kwa heshima zote nimekosea wapi.

"Hujakosea popote," akasema. "Msimamizi anakaa kwenye mikutano, anasafiri. Nikikupa cheo wewe, nani atawasha mtambo?"

"Na Tabasamu je, mama?"

"Yeye akiondoka kaunta hakuna kinachosimama. Ndiyo maana naweza kumpandisha."

Nilimpa Tabasamu mkono wa pongezi. Akatabasamu. Safari hii angalau alikuwa na sababu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa chini kwenye mtambo, nimekalia ndoo, Tabasamu akashuka. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakuleta kejeli. Alivuta ndoo nyingine akakaa, na suruali yake mpya hivyo hivyo. Akasema nimwonyeshe yeye na wenzetu wawili, tupokezane zamu ya alfajiri. Mimi niende likizo kesho. Na ikitokea nafasi nyingine, atanisemea kwa meneja.

Nilimtazama nikitafuta ubaya wake. Sikuuona. Inachosha kuwa na adui wa namna hiyo.

Nikampigia mke wangu kumwomba ushauri.

"Mwonyeshe, baba watoto," akasema. "Uje. Huyu mdogo anauliza kama ulishakufa, tumemficha."

Nimewaonyesha koki. Walijifunza kwa muda wa kumenya chungwa. Nilirudi nyumbani nikalala bila kuvua soksi. Nina usingizi wa mwaka mzima, na kesho ninasafiri. Vyeo na viende zake. Mtu ni watu wake.

Ijumaa, 14 Machi

Nilipitia hotelini kuaga, begi begani, nikatokea mlango wa nyuma, ule wa chumba cha kufulia. Nikamkuta mama dobi ameshika kiuno. Mlango wa mashine kubwa umekwama, mashuka yote ya hoteli yamo ndani, na wageni wapya wanaingia mchana. Nikatua begi nimsaidie, basi tu. Nikavuta, wapi. Nikanyanyua mpini kwa juu huku nikiusukuma kwa goti. Ukafunguka.

Mama dobi aliuliza nimefanyaje. Naapa nilitaka kumwambia. Nilishafungua mdomo.

Nikamwambia ukikwama tena aniite.

Umekwama mara tatu tangu hapo. Basi limeshaondoka. Nasikia mkuu wa idara ya kufulia anakaribia kustaafu, na huko hakuna Tabasamu. Nimemwandikia mke wangu kwamba safari nimeisogeza mbele kidogo, kwa ajili ya maendeleo yetu. Ameusoma ujumbe. Hajajibu. Atakuwa amekosa maneno kwa furaha.