Naomba Kamusi Iishie Kwenye Manyoya

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Mimi ni fundi baiskeli. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekalia tairi, kwa sababu kiti changu kina kamusi yako na kitanda changu kina msomaji wako.

Msomaji huyo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Alikuja kupumzika, akaapa mbele ya dada yake kwamba akimaliza kusoma kamusi ya Kiingereza ataondoka. Tukafurahi, unene wa kamusi yenyewe tulikuwa hatujauona. Hadi herufi O alikwenda vizuri, nikamtilia hata zipu mpya kwenye begi lake. Ndipo akafika kwenye neno plumage, akatia nanga. Leo wiki ya sita.

1. Umeandika kwamba maana yake ni manyoya yote ya ndege kwa pamoja. Mangapi, hukusema. Shemeji anamhesabia kuku wetu kila asubuhi, na kuku akijikung'uta tu, hesabu inaanza upya. Mayai tumeyasahau.

2. Umeandika kwamba asili yake ni Kilatini, pluma, unyoya laini. Ili aushike ulaini huo kwa mkono wake, shemeji akapasua mto. Mto wangu. Wake wa sponji, eti hauna historia.

3. Umeandika kwamba neno lilipitia Ufaransa kabla ya kufika Uingereza. Nikamuuliza kwa adabu, "Shemeji, huko Ufaransa lililala kwa watu siku ngapi?" Akajibu, "Karne kadhaa, shemeji, na hakuna aliyelinunia." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mgeni ni mimi.

4. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Akaniuliza asili ya neno jembe.

Basi naomba kidogo tu: nichapie nakala moja inayoishia hapo kwenye manyoya. Yanayofuata yote, hadi Z, futa. Waingereza wakilalamika, walete kwangu niwaonyeshe ninapolala.

Nisalimie wapiga chapa, wasahihishaji, na yeyote hapo ofisini mwenye mto.

Ni mimi, mwenye nyumba kwa jina tu,
Fundi Baiskeli

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shemeji kaondoka. Kasema manyoya yamemchosha, kamusi kaniachia. Nimeifungua kidogo, kukagua ushahidi. Tafadhali usifute hata nukta: niko herufi B, na hapa ndani hapasomeki kwa vicheko vya mke wangu. Jumamosi nahamia kwa dada yangu. Mumewe ni mpole, na nimeshamuahidi kwamba nikimaliza tu, naondoka.